Kuchora fraktali kwa mkono: anza na milimita 162

Kabla hujagusa penseli, chagua namba. Wengi wanaoanza hupiga mstari wa sentimita 10, halafu wanatakiwa waugawe kwa tatu. Wanapata milimita 33 na kitu. Wakigawa tena ni 11 na kitu, na kila "na kitu" inazaa nyingine, mpaka wakifika hatua ya tatu mistari haikutani. Mimi natumia 162. Igawe kwa tatu, unapata 54. Gawa tena, 18. Gawa tena, 6. Gawa tena, 2. Umegawa mara nne bila kubakiza chochote, na mchoro mzima unaenea kwenye karatasi ya A4, ambayo upana wake ni milimita 210.

Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani za majengo hapa Moshi, enzi za ubao, T-skwea na wino. Siku hizi Jumamosi wajukuu zangu na wenzao wa mtaani Majengo wanakuja barazani kwangu na mikebe yao ya hisabati, tunachora. Kompyuta inaweza kutoa maumbo haya kwa kufumba na kufumbua, na ni vizuri. Lakini mkono unakulazimisha kuhesabu, na fraktali ni hesabu kabla haijawa picha: kanuni moja fupi, inayorudiwa juu ya matokeo yake yenyewe. Anayeirudia kwa mkono anafika mahali anaielewa kwenye vidole.

Vifaa ni vya kawaida, vyote vinapatikana steshenari yoyote: rula ya sentimita 30 ambayo ukingo wake haujaliwa, bikari isiyolegea, seti-skwea yenye pembe ya nyuzi 60, raba laini, na penseli mbili. Ya 2H ni ya mistari ya kujengea, ile itakayofutwa; HB ni ya mistari ya kubaki. Usijengee kwa HB. Inaacha masizi, na theluji ya Koch, umbo tutakaloanza nalo, ina kufuta kwingi. Tafuta pia daftari la hesabu la visanduku, dadu moja na sarafu.

Theluji ya Koch

Tunaanza na hii kwa sababu inafundisha karibu kila kitu. Helge von Koch wa Sweden aliieleza mwaka 1904. Alikuwa akitafuta mstari usiokatika popote, lakini usio na hata sehemu moja unapoweza kuulazia tanjenti, yaani mstari mnyoofu wa kuugusa. Aliupata kwa kanuni ambayo mtoto wa darasa la tano anaifuata: kila kipande kigawe kwa tatu, ondoa theluthi ya katikati, na mahali pake weka pande mbili za pembetatu ndogo inayotazama nje.

Usianze na pembetatu. Anza na duara. Chomeka bikari katikati ya karatasi, ifungue milimita 93 na nusu, zungusha duara jepesi. Sasa usiguse tena upana wa bikari. Ichomeke kwenye duara, mahali pa juu kabisa, kata alama. Hamia kwenye alama hiyo, kata nyingine. Endelea mpaka urudi ulikoanzia. Utapata alama sita, kwa sababu nusu kipenyo hupigwa mara sita kamili kuzunguka duara lake. Unganisha alama kwa kuruka moja: ya kwanza na ya tatu, ya tatu na ya tano, ya tano na ya kwanza. Hiyo ni pembetatu yenye pande tatu sawa, kila upande milimita 162. Fanya vivyo hivyo kwa zile tatu zilizobaki, na nyota ya ncha sita imekamilika.

Hapo umepata hatua mbili kwa mpigo. Pembetatu ya kwanza ni hatua ya sifuri, nyota ni hatua ya kwanza, na mistari ilipokatana ndipo penye theluthi. Pima: 54 kila kipande. Futa mistari ya ndani, bakiza ukingo wa nje peke yake. Una vipande 12.

Hatua ya pili ni kugawa kila kipande cha 54 kuwa 18, 18 na 18. Tia alama zote kwanza, kuzunguka nyota nzima, ndipo uanze kujenga pembetatu ndogo. Anayemaliza upande mmoja kabisa kabla ya kuhamia mwingine huchanganya hatua, na mchoro unakuwa na upande uliokomaa na upande mchanga. Pembetatu za milimita 18 zijenge kwa bikari ukitaka, kwa kukatisha vitao viwili. Ukifika milimita 6 bikari inakuwa nzito, na hapa ndipo ujuzi wa ubaoni unasaidia. Tazama mchoro wako vizuri: mistari yote, mikubwa kwa midogo, imelala katika mielekeo mitatu tu. Mmoja umelala sambamba na ukingo wa chini wa karatasi, mwingine umepanda nyuzi 60 kwenda kulia, mwingine nyuzi 60 kwenda kushoto. Hakuna wa nne na hautatokea. Kwa hiyo shikilia rula imara kwa mkono wa kushoto, egemeza seti-skwea juu yake, na uiteleze. Piga mistari yote ya mwelekeo mmoja, geuza seti-skwea, piga ya mwelekeo wa pili. Kazi ya saa nzima inaisha kwa nusu yake, na ncha zinakuwa kali.

Hatua ya nne, ya milimita 2, ifanye kwa jicho. Chonga penseli mara kwa mara. Kila pembetatu ni mipigo miwili mifupi, na mkono ukishazoea mdundo wake hautahitaji kupima.

Sasa hesabu. Pembetatu ilikuwa na vipande 3 vya milimita 162: jumla 486. Nyota ina 12 vya 54: 648. Hatua ya pili, 48 vya 18: 864. Ya tatu, 192 vya 6: 1,152. Ya nne, 768 vya 2: 1,536. Gawa namba yoyote kati ya hizo kwa iliyoitangulia, utapata jibu lilelile, nne juu ya tatu, kwa sababu kila kipande kimepoteza theluthi moja na kupewa mbili. Mzingo umetoka chini ya nusu mita ukafika mita moja na nusu, kwenye karatasi ileile. Na hauna kikomo. Barabara ya kutoka hapa Moshi kwenda Arusha ni kama kilomita 80. Ukiweza kuifikisha theluji hii hatua ya 42, mzingo wake utakuwa unakaribia kilomita 86. Ukiunyoosha, unafika Arusha mjini na kupitiliza.

Mjukuu wangu wa kidato cha pili aliacha kuchora aliposikia hivyo.

"Bibi, sasa karatasi itatosha vipi?"

Ni swali zuri kuliko yote yanayoulizwa juu ya umbo hili. Nilimwonyesha lile duara la kwanza, ambalo alikuwa tayari ameshika raba alifute. Usilifute. Ncha sita za nyota zinaligusa, na hakuna pembetatu yoyote itakayoota baadaye itakayolivuka, hata ukiendelea milele. Mzingo hauna mwisho, lakini eneo limefungiwa.

Tena eneo lenyewe linajulikana kwa ukamilifu. Chukua eneo la pembetatu ya kwanza liwe 1. Nyota imeongeza pembetatu tatu, kila moja ikiwa moja ya tisa ya ile kubwa, kwa hiyo imeongeza theluthi. Hatua inayofuata inaongeza pembetatu mara nne zaidi kwa idadi, lakini kila moja ni ndogo mara tisa, kwa hiyo nyongeza mpya ni nne ya tisa ya nyongeza iliyopita. Inayofuata ni nne ya tisa ya hiyo. Jumlisha mfululizo huo wote: theluthi ukizidisha kwa tisa ya tano, unapata tatu ya tano. Ukiongeza ile 1 ya mwanzo ni nane ya tano. Kwa pembetatu yetu yenye sentimita za mraba 113 na zaidi kidogo, theluji nzima, ile isiyo na mwisho, itachukua karibu sentimita za mraba 182. Haifiki hata theluthi ya karatasi ya A4.

Tembeza bikari

Mchoro ukishafika hatua ya nne, ufanye kuwa kifaa. Funga bikari kwenye milimita 54 na uitembeze kuzunguka ukingo, ncha kwa ncha. Hatua 12, yaani milimita 648. Ifunge kwenye 18: hatua 48, milimita 864. Kwenye 6 utapata 1,152. Umbo ni moja, urefu ni mwingi kadiri ya udogo wa kipimo. Mwingereza Lewis Fry Richardson aliliona jambo hili kwenye ramani. Mpaka wa Hispania na Ureno ulikuwa umeandikwa kilomita 987 mahali pamoja na 1,214 mahali pengine, na hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alikuwa na kipimo chake. Benoit Mandelbrot alilichukua wazo hilo mwaka 1967 akiuliza urefu wa pwani ya Uingereza, na mwaka 1975 ndiye aliyeyapa maumbo ya namna hii jina la fraktali.

Kama urefu hauaminiki, tupime nini? Tupime jinsi umbo linavyojaza nafasi. Chukua mstari mnyoofu, ukuze mara tatu: unapata nakala tatu za ule wa mwanzo. Tatu kwa kipeo cha moja ni tatu, na mstari una dimensheni moja. Chukua mraba, ukuze mara tatu kila upande: nakala tisa. Tatu kwa kipeo cha pili ni tisa, na mraba una dimensheni mbili. Sasa chukua upande mmoja wa theluji ya Koch, ukuze mara tatu. Unapata nakala nne. Tatu kwa kipeo gani inaleta nne? Si moja, si mbili. Fungua majedwali ya logi: logi ya 4 ni 0.6021, logi ya 3 ni 0.4771. Gawa. Dimensheni yake ni 1.26. Ni zaidi ya mstari, ni pungufu ya uwanda, na penseli yako imelipitia hilo ikienda na kurudi mara 768.

Pembetatu moja, njia tatu

Wacław Sierpiński wa Poland alieleza pembetatu yake mwaka 1915. Hapa tunagawa kwa mbili, kwa hiyo badilisha namba: upande uwe milimita 160, ili upate 80, 40, 20, 10, 5. Tia alama katikati ya kila upande, unganisha alama tatu, na ile pembetatu ya katikati iliyosimama kichwa chini ipake rangi. Hiyo imeondoka. Zimebaki tatu; kila moja ifanyie hivyohivyo. Zilizobaki ni 3, 9, 27, 81, 243. Kila hatua inabakiza robo tatu ya eneo, na robo tatu ya robo tatu ya robo tatu inaelekea sifuri, wakati mistari inazidi kuongezeka. Ukikuza mara mbili unapata nakala tatu, kwa hiyo gawa logi ya 3 kwa logi ya 2: dimensheni 1.585.

Njia ya pili haina rula. Chukua daftari la visanduku. Mstari wa juu kabisa, paka rangi kisanduku cha kwanza kushoto, basi. Mistari inayofuata, kwa kila kisanduku tazama viwili: kile kilicho juu yake moja kwa moja, na kile cha juu upande wa kushoto. Kama kimoja tu kati ya hivyo viwili kina rangi, paka. Kama vyote vina rangi, au vyote havina, acha. Usiruke kisanduku wala usiharakishe. Ukimaliza mistari 16 utakuwa umepaka visanduku 81, na macho yako yataona pembetatu ya Sierpiński iliyoegemea ukingo wa kushoto.

Ulichofanya ni kuchora pembetatu ya namba ya Pascal, ile ambayo mistari yake ni 1; 1, 1; 1, 2, 1; 1, 3, 3, 1, ambapo kila namba ni jumla ya mbili za juu yake. Namba witiri umezipaka, namba shufwa umeziacha. Witiri na shufwa hujumlika kuwa witiri. Za aina moja hujumlika kuwa shufwa. Ndiyo maana kanuni ya rangi inatosha na huhitaji kujumlisha chochote. Nawapenda sana wanafunzi wakifika hapa, kwa sababu wale wanaosema hawawezi hisabati huwa ndio waliopaka kwa usafi zaidi.

Njia ya tatu ni ya bahati nasibu, na inamshangaza hata mtu mzima. Chora ncha tatu tu za pembetatu kubwa, ziite A, B na C. Weka nukta popote ndani. Tupa dadu: ikitoka 1 au 2, lenga A, 3 au 4, lenga B, 5 au 6, lenga C. Pima nusu ya njia kutoka nukta yako hadi ncha hiyo, weka nukta mpya. Tupa tena ukianzia hapo. Nukta chache za mwanzo zifute, zilikuwa zinatafuta njia. Mkiwa wawili, mmoja anatupa na mwingine anapima, kazi inakwenda. Nukta za mwanzo zinaonekana kama vumbi. Zikizidi mia mbili au tatu, matundu yanajitokeza.

Sababu yake si ya ajabu ukiishika. Kusogea nusu ya njia kwenda A ni sawa na kuichukua pembetatu nzima na kuisinyaza nusu kuelekea pembe ya A. Popote ulipokuwa, sasa uko ndani ya pembetatu ndogo ya A, au ya B, au ya C. Ile ya katikati haifikiki. Na kama ya katikati haifikiki, basi nakala zake ndogo ndani ya zile tatu nazo hazifikiki, na nakala za nakala vilevile. Dadu linachagua mahali pa kwenda. Umbo linatoka kwenye ile nusu.

Joka la karatasi

Hili ni la haraka. Chukua utepe mrefu wa karatasi, ukunje katikati, ukunje tena upande uleule, mara nne. Ufungue na usimamishe kila mkunjo uwe nyuzi 90. John Heighway, mwanafizikia wa NASA, ndiye aliyeligundua umbo hili mwaka 1966. Mikunjo ni 1, 3, 7, 15, na zaidi ya mara sita karatasi inakataa. Hapo hamia kwenye daftari la visanduku na uandike kanuni: L kwa kulia, S kwa kushoto. Anza na L. Kila hatua, nakili ulichonacho, ongeza L, kisha andika ulichonacho kinyumenyume ukibadilisha L kuwa S na S kuwa L. Kwa hiyo L, halafu LLS, halafu LLSLLSS, halafu LLSLLSSLLLSSLSS. Chora ukisogea kisanduku kimoja kabla ya kila kona. Mstari utajigusa kwenye pembe, lakini hautajikata kamwe. Zungushia pembe kidogo kwa penseli ili uone njia inakopita.

Mlima kwa sarafu

Maumbo yote hadi hapa ni makali mno kuwa ya duniani. Ukitazama kaskazini kutoka Moshi asubuhi kabla wingu halijashuka, Kibo ya Kilimanjaro, mita 5,895, imelala laini, na kulia kwake Mawenzi, mita 5,149, imechongoka meno kwa meno. Vyote viwili vinatoka kwenye kanuni moja, ukibadilisha namba moja. Njia hii ya kuhamisha katikati ndiyo Alain Fournier, Don Fussell na Loren Carpenter waliyoichapisha mwaka 1982 kwa ajili ya kuchora milima kwa kompyuta, na mkononi inakwenda vizuri kabisa.

Piga mstari wa msingi wa milimita 160, ukiacha nafasi chini yake. Juu ya katikati, milimita 70 kwenda juu, weka kilele. Unganisha na miguu miwili. Sasa una vipande viwili. Tafuta katikati ya kila kipande na urushe sarafu: kichwa, panda milimita 20 wima; mnyama, shuka 20. Wima, si kwa kufuata mteremko. Unganisha upya, una vipande vinne. Rudia kwa vinne, kisha vinane, kisha kumi na sita, ila kila hatua kipimo cha kupanda na kushuka kipungue. Kwa Mawenzi kizidishe kwa 0.7: 20, 14, 10, 7. Kwa Kibo kizidishe kwa 0.5: 20, 10, 5, 2 na nusu. Mirusho ya sarafu ni 30 tu kwa mlima mzima.

Andika pembeni matokeo ya kila mrusho kwa mpangilio. Ukichora mlima wa pili, usirushe tena sarafu. Tumia orodha ileile, kilele kilekile, miguu ileile, ukibadilisha 0.7 kuwa 0.5. Chora wa pili kwenye karatasi nyembamba na uuweke juu ya wa kwanza dirishani. Mabonde makubwa yanalingana, na tofauti yote unayoiona kwenye meno imetoka kwenye namba hiyo moja.